Kabla ya Powerbank: Watu Wasiojulikana Waliofanya Saa na Redio Ziishi Bila Betri za Dukani

Simu ikionyesha asilimia 5, watu wanahangaika utadhani nyumba inaungua. Chaja iko wapi, nani ana powerbank, umeme unarudi saa ngapi. Sasa vuta picha ya kaya isiyo na soketi hata moja. Ina redio moja na saa moja, na duka la kuuza betri lipo mwendo wa nusu siku. Watu hao walikuwepo, wengine bado wapo, na walikuwa na mbinu zao.

Historia ya betri ukiifungua utakutana na majina makubwa mawili matatu, basi. Lakini nyuma ya majina hayo kuna wanajeshi, akina mama, watoto wa shule na mafundi wa mtaani ambao hakuna aliyeandika walikuwa wanaitwa nani. Hawa ndio waliofanya kazi ngumu kuliko zote: kuhakikisha kidude kinaendelea kutembea wakati betri imekufa na mfukoni hakuna hela.

Yote yalianza na bifu la chura

Miaka ya 1780, huko Bologna, Italia, mwanasayansi Luigi Galvani aliona miguu ya chura aliyekufa ikirusharusha ilipoguswa na metali mbili tofauti. Akaamini umeme unatoka ndani ya mwili wa chura. Mwaka 1791 akachapisha matokeo yake na Ulaya nzima ikashikwa na homa ya vyura.

Muitaliano mwenzake, Alessandro Volta, akasema hapana. Chura ni kama shahidi tu, umeme unatokana na zile metali mbili. Ili kuthibitisha, akamtoa chura kwenye hesabu kabisa. Akapanga sahani za zinki na za fedha au shaba, moja juu ya nyingine, na katikati ya kila jozi akaweka kitu kilicholoweshwa maji ya chumvi. Mnara ule ukatoa umeme mfululizo. Mwaka 1800 akatangaza, na hiyo ndiyo betri ya kwanza duniani. Ile "volti" unayoiona kwenye chaja yako ni jina lake.

Shika jambo moja hapa, maana litarudi tena na tena. Kinachofanya kazi ndani ya betri ya namna hii ni zinki, ambayo inaliwa polepole. Maji ya chumvi ni njia tu ya kupitishia chaji. Zinki ikiisha, mchezo umeisha. Tangu siku za chura, watu wamekuwa wakimpa sifa asiyehusika huku zinki inakufa kimyakimya.

Kengele ambayo hakuna anayejua ndani kuna nini

Baada ya Volta, watu wakaanza kujiuliza kama betri inaweza kuendesha saa. Katikati ya miaka ya 1810, Francis Ronalds wa Uingereza na Giuseppe Zamboni wa Italia, kila mmoja kwa upande wake, walitengeneza saa za pendulamu zilizosukumwa na betri kavu za karatasi. Zilikuwa ni maelfu ya viduara vya karatasi na metali vilivyobanwa pamoja kama chapati zilizopangwa kwenye hotpoti. Umeme wake ulikuwa kiduchu mno, ila ulidumu.

Ulidumu kiasi gani? Nenda maabara ya Clarendon, Chuo Kikuu cha Oxford. Kuna kengele mbili ndogo na kijipira cha metali kinachocheza katikati yake, takriban mara mbili kila sekunde. Kijikaratasi chake kinasema iliwekwa mwaka 1840. Mpaka leo inapiga, na betri ni zilezile. Inakadiriwa imeshagonga zaidi ya mara bilioni 10. Husikii kelele kwa sababu imefunikwa na vioo.

Sasa utamu wenyewe uko hapa: hakuna mwenye uhakika betri zile zimetengenezwa na nini hasa. Zimefunikwa kwa kiberiti cha manjano kilichoyeyushwa, ile salfa. Anayetaka kujua lazima azipasue, na akizipasua ameua jaribio lililodumu kuliko karibu yote duniani. Inajulikana kwamba zilinunuliwa kwa watengenezaji vifaa wa London. Lakini yule fundi aliyekaa benchi akakata viduara kimoja kimoja, jina lake halipo kwenye kijikaratasi. Kazi yake ndiyo bado iko hewani.

Saa iliyokunywa umeme wa udongo

Scotland kulikuwa na mtoto wa mkulima maskini, Alexander Bain, aliyekwenda kujifunza ufundi wa saa katika mji mdogo wa Wick. Akaingia London na wazo la saa ya umeme. Hela hana, koneksheni hana. Mwaka 1840 akapelekwa kwa profesa mmoja maarufu sana wa mambo ya umeme, akamwonyesha vitu vyake. Profesa akamwambia asisumbuke kuendelea navyo.

Miezi michache baadaye, profesa huyohuyo akasimama mbele ya wasomi wakubwa wa Uingereza na kuonyesha saa ya umeme, akidai ni kazi yake. Kumbe kijana wa watu alikuwa ameshawahi kupeleka maombi ya hataza. Hataza ikatoka mwaka 1841. Baadaye mgogoro wao ulifika mpaka bungeni, kampuni ya simu za maandishi iliyohusika ikalazimika kumlipa Bain pauni 10,000, na profesa akajiuzulu.

Lakini kitu kizuri zaidi alichofanya Bain hakikuwa kesi. Betri za wakati ule zilikuwa mitungi ya tindikali, ghali na za hatari. Yeye akafukia bamba la zinki na la shaba kwenye udongo wenye unyevu, akavuta nyaya mpaka kwenye saa. Udongo ukafanya kazi ya maji ya chumvi. Umeme uliopatikana ulikuwa mdogo, kama volti 1, lakini pendulamu haidai makubwa. Inataka kusukumwa kidogo tu kila inapopita. Ardhi ya nyuma ya nyumba ikawa betri.

Bain alifariki mwaka 1877 akiwa si tajiri tena. Pauni 10,000 zilishayeyuka.

Wembe, penseli na masikio ya askari

Rukia mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia, pwani ya Anzio, Italia. Askari wa Marekani wamekwama kwenye mahandaki. Wanataka habari, wanataka muziki, na redio za kawaida zinataka betri nzito ambazo hawana.

Askari mmoja, ambaye mpaka leo hakuna anayeweza kumtaja kwa uhakika, akatumia kilichokuwa mfukoni: wembe, pini na kipande cha risasi ya penseli. Akaongeza waya uliozungushwa, waya mwingine mrefu wa kunasa mawimbi, na kisikilizio cha masikioni. Ncha ya penseli ikiguswa mahali sahihi juu ya wembe, sauti inaingia. Betri hamna. Nguvu yote inatoka kwenye mawimbi yenyewe ya kituo cha redio.

Mbinu ikasambaa kutoka handaki hadi handaki. Hakuna kampuni, hakuna hataza, hakuna aliyelipwa senti. Mtu alimwonyesha mwenzake, mwenzake akamwonyesha mwingine.

Upande wa Urusi baada ya vita walikuja na lao. Vijiji vingi havikuwa na umeme, lakini kila nyumba ilikuwa na taa ya mafuta. Kiwanda kikatengeneza kifaa kinachovishwa juu ya taa kama ya chemli. Upande mmoja unapata joto la moto, upande wa pili unapoa kwa hewa, na tofauti ile ya joto inazalisha umeme wa kuendesha redio. Familia inakaa kuzunguka taa, mwanga unapata, habari unapata.

Mawe ya redio juu ya bati

Huku kwetu Afrika Mashariki, betri kavu zilipata jina lake la mtaani: mawe. Mawe ya redio, mawe ya tochi. Miaka ya 1960 kampuni ya Kijapani Matsushita ilifungua kiwanda Dar es Salaam, na jina la National likawa maarufu mpaka vijijini, kwenye redio na kwenye mawe yake.

Usidhani redio ilikuwa ya burudani tu. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kupitia Redio Tanzania. Watu walikaa vikundi kuzunguka redio moja, wakasikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Takriban watu milioni 2 walishiriki. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Kampeni nzima ya kitaifa, ukiiangalia kwa makini, ilikuwa imekaa juu ya mawe mawili au manne ndani ya kasha la plastiki. Yakifa, kikundi hakina mwalimu. Na ukiacha kampeni, kulikuwa na matangazo ya vifo. Mawe yakizima wiki hiyo, unaweza kukosa msiba wa ndugu yako.

Ndiyo maana mama mwenye redio hakutupa betri. Aliianika. Asubuhi mawe yanapangwa juu ya bati au kwenye ungo, sambamba na dagaa, jioni yanarudishwa kwenye redio kwa wakati wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Na redio ilikuwa inaongea kweli! Wengi waliamini jua linajaza umeme. Hapana. Ndani ya jiwe kuna kemikali zilizochoka. Likipumzika na kupata joto, kemikali zinasogea, uchafu uliozuia njia unapungua, na kile kidogo kilichobaki kinatoka. Jua halikuongeza kitu, lilikamua. Ni stori ileile ya chura: sifa amepewa jua, aliyekufa ni zinki.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Jiwe moja limechoka? Wanachukua sita au nane yaliyochoka, wanayapanga kwenye mwanzi au kipande cha boksi, wanafunga kwa kamba ya mpira, waya mpaka kwenye redio. Kila moja linachangia kidogo chake, haba na haba hujaza kibaba. Ni mnara wa Volta ule, umejengwa na mtu ambaye pengine hakuwahi kulisikia jina la Volta.

Na likifa kabisa, bado halikutupwa. Watoto walilipasua, kijiti cheusi cha katikati kikawa cha kuchorea, unga mweusi ukachanganywa na majani yaliyopondwa ukapakwa ubao wa shule. Kuna watu leo wana digrii zao na herufi za kwanza walizosoma ziliandikwa juu ya betri iliyokufa. Mchezo huo haukuwa salama, ule unga si wa kushikashika kwa mikono mitupu. Lakini ubao ulihitajika.

Krismasi iliyobadilisha kila kitu

Tarehe 25 Desemba 1969, Tokyo, Seiko waliingiza sokoni saa ya kwanza ya mkononi ya kwazi, Astron. Bei yake ilikuwa yen 450,000, sawa na gari dogo. Ndani yake kulikuwa na kijiwe kinachotetemeka maelfu ya mara kwa sekunde na betri ndogo ya kukilisha.

Bei ikaporomoka haraka. Uswisi, nchi ya saa za kutia ufunguo, ajira kwenye viwanda vya saa zilishuka kutoka kama 90,000 mwaka 1970 hadi kama 30,000 miaka ya 1980. Mafundi waliokuwa wanafungua magurudumu madogo kwa koleo wakajikuta kazi iliyobaki ni kubadilisha betri. Wengi wao majina yao hayakuwahi kuonekana hata kwenye saa walizotengeneza.

Lakini kwazi ilileta zawadi moja: saa zikaanza kutumia umeme kidogo ajabu. Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki iliyotoka mwaka 1989 na bado ipo kila kona, inakwenda miaka kama 7 kwa betri moja nyembamba. Umeme ukishakuwa mdogo hivyo, hata kiazi kinaweza.

Kwa hiyo kiazi kina umeme?

Video hizi unazijua. Mtu anachoma msumari na kipande cha waya kwenye limau au kiazi, saa ndogo ya tarakimu inawaka, watu wanatoa macho. Jaribio lenyewe ni la kweli. Msumari wa bati wenye rangi ya fedha umepakwa zinki. Waya wa umeme ni shaba, ile ambayo wauza chuma chakavu wanaiita kopa. Jozi moja inatoa kama volti 0.9. Viazi viwili vikiunganishwa, saa yenye kioo cha tarakimu inatembea kwa siku nyingi.

Kiazi hakina umeme wa kukupa, kina majimaji tu. Anayelipa gharama ni zinki ya msumari. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem walionyesha kwamba kiazi kilichochemshwa kwa dakika 8 kinaweza kuongeza nguvu mpaka mara 10 kuliko kibichi, kwa sababu kuchemsha kunavunja kuta za ndani na njia inakuwa nyepesi. Na usikile baada ya hapo, kimeshajaa metali.

Zile video za kuchaji simu kwa limau moja? Kiki tupu. Limau moja ni shida kufikisha miliwati 1. Chaja ya kawaida kabisa inatoa wati 5. Piga hesabu: malimau 5,000, na misumari yake. Bora ukauze juisi.

Redio ya kutia ufunguo

Mwaka 1991 Muingereza Trevor Baylis, mtu aliyewahi kuishi kwa kufanya maonyesho ya hatari ya kuogelea, aliona kipindi cha televisheni kuhusu Ukimwi barani Afrika. Kilisema elimu ingefika kwa redio, ila betri ni ghali na umeme haupo. Akachukua redio ndogo, mota ya gari la mtoto na springi ya kisanduku cha muziki. Kuzungusha dakika 2, redio inaongea dakika 14. Kiwanda kikafunguliwa Cape Town, kikaajiri watu wenye ulemavu, na Nelson Mandela akaisifia kazi hiyo.

Baylis alipata umaarufu lakini alilalamika mpaka mwisho kwamba hela hakuiona, kwa sababu muundo ulibadilishwa na haki zake zikapenya kwenye tundu la sheria. Alifariki mwaka 2018. Yeye na Bain wangekaa meza moja wangeongea mpaka asubuhi.

Fundi wa kitaa na hatari ya leo

Leo mbinu imehamia kwenye simu mbovu. Fundi anatoa betri ya simu ya zamani yenye volti 3.7, anaunganisha na redio iliyotaka mawe mawili, yaani volti 3, na redio inavumilia. Viredio na sabufa ndogo za Kichina zenyewe zinakuja na nafasi ya betri ya BL-5C, aina ileile ya Nokia za tochi. Ukimuuliza fundi alifundishwa wapi atakwambia alimwona mwenzake. Ni handaki la Anzio, limehamia kibarazani.

Ila hapa kuna mstari wa kutovuka. Jiwe la zamani ukilianika au kulitoboa, baya zaidi lilikuwa ni kuvuja na kuharibu redio. Betri ya lithiamu ya simu ukiianika juani, ukiitoboa au ukiigonga, inaweza kuwaka moto. Ikivimba, usiibane irudi, iondoe. Na vile vibetri vya duara vya saa na rimoti, mtoto akimeza kimoja kinaweza kuunguza koo lake kwa ndani ndani ya saa 2 tu. Hapo ni hospitali moja kwa moja, bila kumtapisha na bila kusubiri kesho.

Mbinu ya bibi ilikuwa sahihi kwa betri ya bibi. Kilichompa ushindi hakikuwa jua. Alikikataa kitu kuitwa kimekufa kabla hajajaribu kila njia, na kwa sababu hiyo habari ilifika, msiba ukahudhuriwa na kisima kikasafishwa. Jina lake halimo kwenye kitabu chochote cha historia ya umeme. Lakini nyumbani kwenu linajulikana.

Kwenu mawe yalianikwa wapi: juu ya bati, dirishani au jikoni? Na nani alikuwa mtaalamu wa kuifufua redio ya familia? Dondosha kwenye maoni hapo chini.